Kurutubisha au Kuongezea? Maziwa ya Mama kwa Mtoto Njiti

Katika Bura ya Taita, kama kwingineko katika nchi ya wakulima, kurutubisha ni kuupa nguvu udongo uliochoka. Kitenzi hicho kinapohamishiwa wodini, ambako maziwa ya mama hutiwa virutubishi kwa ajili ya mtoto njiti, chaweza kuzua fasiri potofu kwamba maziwa hayo ni duni. Makala haya yanaeleza utaratibu huo na namna ifaayo ya kuutaja.

Njiti mchanga zaidi ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 28 za ujauzito. Aghalabu uzito wake haufiki kilo 1. Sehemu kubwa ya kalisi na fosforasi za mifupa humfikia mtoto kupitia kondo katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Njiti huikosa hazina hiyo, ilhali tumbo lake hupokea mililita chache tu kwa mrija.

Kwa sababu hiyo, maziwa yaliyokamuliwa huchanganywa na unga au kimiminika chenye protini, madini na vitamini. Mililita 100 za maziwa ya mama zina takribani kilokalori 67. Zikiongezewa, hufikia 80 hivi. Vipimo ni kazi ya wahudumu wa afya, si ya kubahatisha nyumbani. Aidha, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba jambo hili lisifanywe kwa kila njiti, bali laweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 au wenye uzito chini ya kilo 1.5.

Hata hivyo, msingi hubaki maziwa ya mama. Kuanzia dang'a, huukinga utumbo wa njiti dhidi ya uvimbe unaoweza kuua. Mwaka 2019 Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya akina mama nchini Kenya. Lakini kwa mama wa Bura aliyelazwa Voi na kichanga chake, benki hiyo i mbali mamia ya kilomita. Tegemeo lake ni matiti yake mwenyewe. Akidhani maziwa yake hayana rutuba, huenda akaacha kukamua, na titi lisilokamuliwa hukauka.

Kwa hiyo, kuongezea virutubishi ni istilahi bora kuliko kurutubisha. Ni kweli kwamba kirutubishi nacho kinatokana na shina lile lile, lakini kitenzi kuongezea hudokeza kuwa kilichopo ni chema. Mama aelezwe hivi: "Maziwa yako yanamfaa, tunayaongezea kwa kuwa mtoto amewahi kuzaliwa." Istilahi ya tiba haipimwi kamusini pekee, bali pia kando ya kitanda cha mgonjwa.