Kasri za Ufaransa: Kuzitembelea, Kulala Humo, na Neno la Kuziitia

Wanafunzi wanaotafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili hukwama mapema kwenye neno château. Kamusi huwapa maneno mawili, ngome na kasri, na wengi huchukua lile la kwanza bila kuuliza. Makala haya yananuia kueleza majumba yenyewe ni ya namna gani, mgeni huyaonaje, na huwezaje kulala humo. Suala la neno litajitatua njiani.

Ngome ni jengo la vita. Ufaransa inazo, mfano ile ya Angers yenye minara 17, iliyojengwa katika karne ya 13. Lakini majumba yanayowavuta watalii katika bonde la mto Loire mengi ni ya karne ya 15 na 16, wakati wafalme walipokwisha kuiona Italia na kutamani starehe zake. Chambord, iliyoanzwa na mfalme François I mwaka 1519, ina minara pia, ila ni ya urembo. Ina vyumba 426 na meko 282, na mfalme mwenyewe, katika utawala wa miaka 32, alikaa humo siku zipatazo 72 tu! Huko kulikuwa kwenda kuwinda na kuwatambia wageni. Kwa jengo kama hili neno ni kasri. Tena, wanaisimu huihusisha qasr ya Kiarabu, mama wa kasri yetu, na neno la Kilatini castrum, yaani kambi ya jeshi. Nalo château limetokana na castellum, umbo la udogo la castrum hiyohiyo. Kwa hiyo maneno haya mawili ni mabinamu waliopotezana.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kuona kasri moja tu, iwe Chenonceau. Imejengwa juu ya mto Cher wenyewe, maji yakipita chini ya matao yake. Mfalme Henri II alimpa kimada wake Diane de Poitiers, naye akajenga daraja na kulima bustani. Mfalme alipofariki mwaka 1559, mjane wake, Catherine de Médicis, alimlazimisha Diane aiachie Chenonceau na kupokea kasri ya Chaumont badala yake. Kisha akajenga ukumbi mrefu wa mita 60 juu ya daraja la mwenzake, na bustani yake upande wa pili. Bustani hizo mbili zipo hadi leo, kila moja ikiitwa kwa jina la mwenyewe, kana kwamba ugomvi haujaisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza ukumbi huo ulikuwa wodi ya hospitali, na majeruhi 2,254 walitibiwa humo. Kuanzia 1940 hadi 1942 mto Cher ulikuwa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na lile lisilokaliwa. Mlango wa kusini wa ukumbi ulifungukia upande wa pili, na watu walitoroshwa kupitia hapo.

Kuhusu bustani, wengi hukimbilia Versailles. Ni sawa, lakini mtindo wake ulijaribiwa kwanza Vaux-le-Vicomte, kwa waziri wa fedha Nicolas Fouquet, aliyemwalika Louis XIV karamuni tarehe 17 Agosti 1661. Hata mwezi haukuisha, Fouquet alikuwa kizuizini, na mtunza bustani wake, André Le Nôtre, akaenda kumfanyia mfalme kazi. Mimi hupendelea Villandry. Humo kuna miraba tisa ya mboga, kabichi na liki zikipangwa kwa rangi kama mkeka, na hupandwa upya mara mbili kwa mwaka. Bustani ya zamani ilikuwa imefutwa. Aliyeirudisha ni Joachim Carvallo, daktari Mhispania aliyeinunua kasri hiyo mwaka 1906.

Je, mtu anaweza kulala katika kasri? Anaweza. Zipo zilizogeuzwa hoteli za kifahari, ambazo bei yake haituhusu. Zipo pia ndogondogo, mashambani, ambamo familia bado inaishi na hupokea wageni kwa utaratibu wa chambres d'hôtes. Sheria inaweka kikomo cha vyumba 5 na wageni 15, na mwenyeji lazima akupokee na kukupa kifungua kinywa. Sababu kubwa ni paa. Chini ya sheria ya mwaka 1913, mwenye jengo lililoorodheshwa kuwa la kihistoria hawezi kuligusa bila kibali cha serikali. Hawezi kung'oa vigae na kuezeka mabati. Ruzuku hupatikana, lakini haitoshi, na pesa ya mgeni huishia huko juu. Asiye na uwezo wa kulala asubiri wikiendi ya tatu ya Septemba, siku za urithi, ambapo majumba mengi ya watu binafsi hufunguliwa kwa bei nafuu au bure.

Ukifika, anza na bonjour kabla ya swali lolote. Kuinyima ni sawa na kuingia bila hodi. Na kwa mtafsiri: chambres d'hôtes usiiandike "nyumba ya kulala wageni", maana msomaji wetu atafikiria gesti ya jirani na stendi ya basi. "Vyumba nyumbani kwa mwenyeji" ni ndefu kidogo, lakini humfikisha panapotakiwa.