Unangoja kadi ya kijani Marekani? Zunguka utakavyo, lakini jua mpaka uko wapi

IKIWA ulifika Marekani kwa visa ya mchumba, ile ya K-1, mkafunga ndoa ndani ya siku 90 jinsi sheria inavyotaka, kisha mkatuma fomu I-485 ya kuomba ukaaji wa kudumu, basi unajua vile kungoja kunachosha. Mwenzako anaamka kwenda kazini, wewe unabaki na rimoti na stori za nyumbani kwenye WhatsApp. Kibali cha kazi bado. Ada ya ombi, ambayo Aprili 2024 ilipandishwa hadi dola 1,440, ilishalipwa na hairudi. Halafu binamu aliye Dallas anapiga: "Njoo basi Krismasi, tunachinja mbuzi."

Unaenda au huendi?

Nenda. Hakuna sheria inayomfungia jimboni mtu anayengoja kadi. Ukitoka Minneapolis hadi Atlanta, au Lowell hadi Seattle, kwa ndege, basi au gari la mkeo, ombi lako liko palepale lilipokuwa. Wengi huogopa kwa sababu wamesikia "usisafiri" bila kuuliza usisafiri wapi.

Safari inayochoma ni ya nje. Visa ya K-1 ni ya kuingia mara moja tu. Ukitoka nchini kabla kadi haijatoka, na huna kibali cha kusafiri kinachoombwa kwa fomu I-131, ombi lako la I-485 linahesabiwa kuwa umelitupa mwenyewe. Hata ukiwa umeenda kumzika mzazi. Kwa msiba kama huo kuna njia ya kuomba kibali cha dharura kupitia USCIS, idara inayoshughulikia maombi hayo, lakini kibali ni kiwe mkononi kwanza ndipo upande ndege. Ukifika Nairobi bila hicho kibali, mnaanza upya, yeye kule, wewe huku.

(Wale waliohojiwa Gigiri wakiwa tayari wameoana, wakapewa visa ya ndoa ya uhamiaji, hawamo katika presha hii. Wao huwa wakazi wa kudumu siku wanapotua, na muhuri uliogongwa kwenye visa yao hutumika kama kadi kwa mwaka mmoja hata kadi yenyewe ikichelewa kwenye posta.)

Sasa twende uwanja wa ndege. Tangu Mei 7, 2025 Marekani inatekeleza sheria ya REAL ID, iliyopitishwa 2005, na leseni ya kawaida isiyo na alama ya nyota haitoshi tena kukupitisha kwa ukaguzi. Hapo ndipo watu wetu huingiwa na baridi. Tulia. Pasipoti ya Kenya ambayo haijaisha muda inakubaliwa na TSA, wanaokagua abiria, hata kwa safari ya ndani. Kadi ya kibali cha kazi pia inakubaliwa ikishatoka. Na kuna jambo wachache wanajua: sheria hiyohiyo ya REAL ID inamtaja mtu mwenye ombi la I-485 ambalo halijaamuliwa kuwa miongoni mwa wanaoweza kupewa leseni ya muda. Ulizia ofisi ya leseni ya jimbo lako, beba barua ya kuthibitisha ombi lilipokewa.

Kinachokwamisha mabibi harusi wengi ni jina. Pasipoti ina jina la baba, tiketi imekatwa kwa jina la mume. Jina la tiketi sharti lifanane na la kitambulisho utakachoonyesha, mapenzi kando. Na kama pasipoti inakaribia kuisha, anza mapema kuulizia ubalozi wetu Washington, usingoje wiki ya safari.

Afisa wa TSA anataka kujua kama jina na sura ni vyako. Mambo ya visa yako si yeye wa kuyaamua. Hata hivyo usidhani hizi idara haziongei. TSA na maafisa wa uhamiaji wako chini ya wizara moja, ya Usalama wa Ndani. Ikiwa uliwahi kupewa amri ya kuondoka nchini, ama ulishawahi kushikwa na polisi, wakili kwanza, tiketi baadaye. Vilevile kama uliyeoana naye si raia bali ana kadi ya kijani tu, hesabu zako ni tofauti na za aliyeoana na raia, hasa visa yako ikiwa imeisha. Hapo usikubali ushauri wa kikundi cha WhatsApp, hata wangu.

Jiografia nayo ina mitego. Hawaii ni jimbo la Marekani, hata kama unavuka bahari saa nyingi. Alaska pia, lakini kwa ndege ya moja kwa moja. Ukiamua kwenda kwa gari utapitia Canada, na hapo umetoka nchini. Puerto Rico ni himaya ya Marekani. Visiwa vya Virgin vya Marekani pia, ila ukirudi bara utakutana na maafisa wa forodha na uhamiaji kabla ya kupanda ndege, kwa hivyo mtu anayengoja ni heri aulize wakili kabla ya kufuata picha nzuri za Instagram. Meli za starehe zinazotoka Miami kwenda Bahamas au Mexico? Hizo zimetoka nje, hata kama mnarudi palepale baada ya siku nne na hata kama wewe hukushuka ufuoni.

Maporomoko ya Niagara yanawaponza watu. Upande wa Marekani unayaona vizuri tu. Daraja la Rainbow linakupeleka Canada kwa dakika chache. Ni kama Busia vile, hatua kidogo uko nchi nyingine, tofauti ni kwamba huku hakuna bodaboda wa kukurudisha kwa njia ya panya. Detroit ukikosea leni unajipata kwenye daraja la kwenda Canada. San Diego barabara ya I-5 inaishia mpaka wa Mexico. Ukiwa miji hiyo, mwache anayejua njia aendeshe.

Kusini pia kuna vizuizi vya polisi wa mpakani vilivyo ndani kabisa ya nchi, kama kile cha barabara ya 281 karibu na Falfurrias, Texas, au cha I-19 kule Arizona. Watakusimamisha na kuuliza kama wewe ni raia. Jibu ni "la, nina ombi la ukaaji linaloshughulikiwa." Usithubutu kusema ndiyo, hata kwa kubabaika ama kutaka mambo yaishe haraka. Kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote, na ndoa haikuokoi. Sheria inamtaka mgeni aliyetimu miaka 18 atembee na stakabadhi zake, kwa hivyo beba pasipoti, chapisho la I-94 na barua ya USCIS. Nakala za cheti cha ndoa ziache kwenye simu.

Na bangi, vijana. Colorado walianza kuiuza dukani 2014, na majimbo mengi yamefuata. Kwa mwenyeji ni burudani ya wikendi. Kwako wewe ni kosa chini ya sheria ya taifa zima, na hiyo ndiyo inayoamua ombi lako. Hata bila kushtakiwa, ukikiri mbele ya afisa kwamba ulivuta ukiwa Denver, unaweza kujiharibia. Wacha binamu avute peke yake.

Safari yenyewe inaweza kukusaidia. Siku ya mahojiano afisa anatafuta dalili kwamba mnaishi pamoja kweli. Akaunti ya benki na mkataba wa nyumba ni muhimu, lakini tiketi zenye majina yenu wawili, risiti ya hoteli na picha mkiwa na shangazi yake huko Ohio, mikono ikiwa na mafuta ya kuku, zinaongea pia. Msipige za kupozi tu. Hifadhi zile mmekunja uso kwa baridi.

Kabla ya kuondoka, angalia barua. Usipofika kwa miadi ya alama za vidole au mahojiano bila kuomba ibadilishwe, ombi linaweza kukataliwa, na barua hiyo haingoji mtoke likizo. Mwambie jirani afungue sanduku. Mkigeuza ziara kuwa kuhama, una siku 10 za kuwajulisha USCIS anwani mpya.

Kuna wengine wanaosoma hapa ambao tatizo lao si TSA. Pasipoti iko kabatini, ufunguo anao mume, na kila ukitaja kumtembelea dada yako Baltimore unaambiwa, "Ukitoka kwa hii nyumba nitafuta ombi lako." Pasipoti hiyo ni yako, imetolewa na serikali ya Kenya kwa jina lako. Na sheria ya Marekani inamruhusu anayedhulumiwa na mwenzi aliye raia au mkazi wa kudumu kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360. Mwenzi hahitaji kutia sahihi na serikali haimwambii. Wanaume pia wanaitumia.