Tairi Jipya Juu ya Rimu Kuukuu

Magari madogo ya Volkswagen yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma yalitengenezwa kwa mamilioni, na baadhi ya yale ya miaka ya 1950 yangali yakitembea. Tairi lake la asili liliandikwa 5.60-15, na siku hizi ni adimu. Mwenye gari huenda dukani akakuta tairi jipya lililoandikwa 195/65 R15. Tarakimu 15, yaani kipenyo cha rimu kwa inchi, ni ile ile. Tairi laingia, lajazwa upepo, na gari laondoka. Je, gari hilo sasa ni salama zaidi?

Ili kulijibu swali hili, yatupasa kwanza kufahamu muundo wa matairi. Ndani ya mpira wa tairi la zamani mna tabaka za nyuzi zilizopishana kwa mshazari. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilibuni muundo mwingine, ambao ulianza kuuzwa mwaka 1949. Katika tairi hilo, liitwalo radiali, nyuzi hunyooka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na chini ya sehemu inayokanyaga barabara hupita mkanda wa waya za chuma. Ubavu wake hunepa, bali kanyagio lake ni imara. Kwa hiyo hushika barabara vema zaidi kwenye kona.

Ubora huo ndio unaotutaka tufikiri. Gari la kilo 800 likipita kona yenye nusukipenyo cha mita 60 kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde, huhitaji kani ya nyutoni 3000 kulivuta kuelekea kitovu cha kona. Mwendo ukifika mita 20 kwa sekunde, kani hupita nyutoni 5300. Kani hiyo yote hutoka barabarani, hupita katika tairi, kisha katika rimu. Tairi la zamani huanza kuteleza mapema, likamwonya dereva apunguze mwendo. Tairi jipya halitelezi upesi, na rimu hubeba mzigo ambao mhandisi wake hakuukusudia. Chukua kipande cha waya, ukipinde huku na huku mara nyingi: mwishowe hukatika, ingawa hakuna pindo moja lililokuwa na nguvu ya kukikata. Rimu nayo hupata ufa kwa njia hiyo hiyo.

Jambo la pili ni upana. Rimu ya gari tulilolitaja ina upana wa inchi 4, kama milimita 102. Tairi la milimita 195 huhitaji rimu ya inchi 5.5 hadi 7. Likibanwa katika rimu nyembamba, mbavu zake hufura, na kwenye kona ukingo wake waweza kuchomoka. Afadhali tairi la 165 R15, ambalo hukubali rimu ya inchi 4.

Tatu, rimu nyingi za zamani zilikusudiwa tairi lenye tyubu. Hazina tuta dogo linalouzuia ukingo wa tairi usiteleze kuingia ndani upepo upungukapo. Na zile za spoki huvujisha upepo penye matundu ya spoki. Rimu za namna hiyo zahitaji tyubu.

Mwisho, aina mbili zisichanganywe. Hatari kubwa ni kufunga radiali mbele na matairi ya mshazari nyuma: kwenye kona, nyuma huteleza kabla ya mbele, na gari huzunguka.

Basi, kabla ya kununua tairi, rimu ivuliwe, isuguliwe kutu na kukaguliwa nyufa penye matundu ya nati; upana wake upimwe; na rimu yenye ufa itupwe. Tairi, rimu na gari ni mtambo mmoja. Anayebadili sehemu moja hana budi kuzipima upya zote.