Sura ya Sita: Adapta Hubadili Umbo, Umeme Haiugusi

Mwenye duka akikukabidhi kile kidude chenye vitufe vya kutelezesha, chenye maneno ya "dunia nzima" kwenye boksi, hakosi kuongeza kwamba kinapunguza umeme ukiwa mkali na kuupandisha ukiwa mdogo. Si kweli. Kifungue utakuta vipande vya chuma vinavyounganisha tundu na mguu, pengine fyuzi moja, na saketi ndogo ya kuchajia simu kwa USB. Zikiingia volti 230, zinatoka volti 230. Kitaa cha buluu kinachowaka juu yake hakilindi chochote. Kinakuarifu tu kwamba umeme upo.

Mpango wa sura hii ni kuanza na volti, kisha umbo la plagi, mwisho ethi. Volti inatangulia kwa sababu ndiyo inayounguza vitu vya watu.

Kuna imani sugu kwamba umeme wa Ulaya ni mkali kuliko wetu. Ujerumani ni volti 230, hezi 50. Tanzania ni volti 230, hezi 50. Anayesema chaja yake iliungua Berlin kwa sababu ya umeme wa Wazungu aichunguze hiyo chaja. Dunia ina makundi mawili makubwa: nchi za volti 220 hadi 240, ambamo tumo sisi, Ulaya yote, Oman, Dubai, India, China na Uturuki, na nchi za volti 100 hadi 127, zikiwemo Marekani, Kanada na Japani. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayezunguka Guangzhou, Dubai na Istanbul habadilishi kundi hata mara moja. Anachobadilisha ni matundu ya ukutani.

Hata ukivuka kundi, simu na kompyuta mpakato hazina shida, na hapo adapta haina sifa yoyote. Sifa ni ya chaja. Soma maandishi madogo mgongoni mwake: karibu kila chaja ya leo imeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Ndani yake umeme unaoingia unanyooshwa kwanza uwe wa mkondo mmoja, kisha unakatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kupitishwa kwenye transfoma ndogo. Saketi ya uangalizi hupima kinachotoka upande wa pili: kikizidi, vipande vinafupishwa, kikipungua, vinarefushwa. Kwa hiyo chaja haijali kama imechomekwa Tanga au Chicago. Wanaohubiri kwamba chaja "imezoea umeme wa kwao" wanazungumzia mifugo, si vifaa.

Balaa liko kwenye vitu vya moto: pasi, birika la umeme, mashine ya kukaushia nywele. Vingi havina saketi ya kupima chochote, ni koili tu inayopokea inachopewa. Chukua mashine ya nywele ya Marekani, volti 120 na wati 1,500, ambayo ndugu wa Houston kamletea shangazi yake zawadi. Koili yake ina omu 9.6. Ichomeke kwenye volti 230: volti zimekaribia mara mbili, lakini nguvu hupanda kwa mraba wa volti, hivyo unapata wati 5,500 na ampea 24 kutoka kwenye soketi ya ampea 13. Fyuzi ikiwa nzima itakatika. Ikiwa ilishafungwa waya na fundi wa mtaani, kitakachokatika kwanza ni kitu kingine. Kinyume chake hakina hatari ila kinachosha: birika letu la wati 2,000 likifika Marekani linabaki na wati 540 hivi, na chai inakuwa ya kusubiriwa. Ipo transfoma ya kushusha volti, lakini ya kubeba wati 1,500 ni mzigo wa kilo nyingi. Shangazi anunuliwe mashine ya hapa.

Sasa umbo. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa, ambayo wataalamu huiita aina ya G, ni urithi wa Uingereza, kiwango BS 1363 cha mwaka 1947. Ndiyo utakayoikuta pia Nairobi, Kampala, Muscat, Dubai na Singapore, na Mzanzibari anayekwenda Oman kutembelea jamaa hana sababu ya kununua adapta yoyote. India wana miguu mitatu ya mviringo, na wanaopeleka wagonjwa huko ni vyema walijue hilo kabla ya kupanda ndege. Ulaya bara ni miguu miwili ya mviringo. Burundi na Kongo, kwa urithi wa Ubelgiji, utakutana na hiyohiyo. Ningeendelea na China, lakini hapa kwenye miguu miwili ndipo penye kijiti, na kijiti hakipitiki kimyakimya.

Unakijua. Chaja ina miguu miwili ya mviringo, soketi ina matundu matatu, mtu anachukua njiti ya kiberiti au kalamu, anaisukuma kwenye tundu la juu, matundu ya chini yanafunguka, chaja inaingia. Jambo hili hufanyika majumbani, maofisini, hata kwenye vibanda vya kuchajia simu, na wanaolifanya huamini wameushinda ujinga wa Mwingereza aliyeweka tundu lisilo na kazi.

Tundu hilo lina kazi mbili. Mguu wa juu wa plagi umefanywa mrefu makusudi ili uingie wa kwanza, uunganishe ethi, kisha usukume vifuniko vilivyo nyuma ya matundu ya chini. Vifuniko viliwekwa ili mtoto akichomeka msumari asifike kwenye waya wa moto. Kijiti kinaifundisha nyumba nzima, pamoja na mtoto anayetazama, namna ya kuuondoa ulinzi huo. Kikivunjikia ndani, vifuniko vinaweza kubaki wazi siku zote.

Tena ndani ya soketi hiyo mna vibano vilivyoundwa kushika mguu bapa. Katikati ya tundu moja na jingine ni milimita 22.2, ilhali miguu ya chaja ya Ulaya imeachana kwa milimita 18 hivi, na kila mmoja una unene wa milimita 4 tu. Kwa hiyo inakaa pembeni ya tundu, imeegemea chuma mahali padogo. Umeme ukipita kwenye mguso mdogo hutoa joto, joto hulegeza kibano, na kibano kilicholegea hutoa cheche. Ile soketi yenye weusi pembeni imefika hapo hatua kwa hatua.

Kubwa zaidi ni fyuzi. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na upungufu wa shaba, na waya za nyumbani zikapangwa kwa duara moja linalolisha soketi nyingi, likilindwa na kikatio cha ampea 30, siku hizi 32. Mpango huo unategemea kila plagi iwe na fyuzi yake, ya ampea 3 au 13. Chaja ya kijiti haina fyuzi ya plagi. Plagi nyembamba ya Ulaya imekadiriwa ampea 2.5, na sasa mlinzi wa waya wake ni kikatio cha ampea 32 kilichoko mlangoni. Adapta nzuri yenye fyuzi ni bei ya soda chache, na kama kuna kitu ningependa msafiri akitake kwenye adapta yake, ni hicho.

Ethi imebakiwa na nafasi finyu. Kwenye adapta nyingi za dunia nzima mguu wa juu ni wa plastiki: unafungua vifuniko tu, hauunganishi chochote. Kwa chaja yenye alama ya mraba ndani ya mraba hakuna neno, maana haihitaji ethi. Kwa pasi yenye mwili wa chuma ni njia ya kupigwa shoti. Na usidanganywe na wati zilizo kwenye boksi. Adapta ya ampea 10 huandikwa wati 2,500 kwa hesabu ya volti 250. Kwenye volti 110 ni wati 1,100.

Plagi moja ya dunia nzima ilishabuniwa. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa kiwango chake mwaka 1986, na waliokubali kukitumia ni Brazili na Afrika Kusini. Brazili wakaitengeneza kwa namna yao, kisha wakaiweka nchi nzima: São Paulo soketi hiyo hutoa volti 127, Brasília 220. Ukifika huko na plagi yako imeingia bila shida, muulize mhudumu wa hoteli ni volti ngapi kabla ya kuwasha.