Umeme wa Kompyuta ya Michezo Upimwe, Usikisiwe

Katika nyumba za kupanga ambazo wapangaji kadhaa hutumia mita moja, hapakosi ugomvi juu ya umeme. Siku hizi lawama humwangukia kwanza kijana mwenye kompyuta ya mkononi ya michezo. Mwenye nyumba huigeuza chaja yake, iliyo nzito kama tofali, husoma wati 330, akazidisha kwa saa 24 na kwa siku 30, akapata uniti 237.6. Kuzidisha kwake ni sahihi. Msingi wa hesabu ndio mbovu.

Namba ile ni kikomo cha umeme ambao chaja yaweza kuutoa, wala si kiasi kitumikacho kila saa. Mashine hiyo hiyo, ikiandikiwa barua tu, yaweza kutumia wati 20 au 40. Mchezo wenye picha nzito ukianza, hupanda mara moja hadi wati 150, 200 au zaidi. Juu ya hayo, sehemu ya umeme hupotea ndani ya chaja yenyewe ikawa joto, ndiyo maana huwezi kuishika kwa raha baada ya saa moja ya mchezo. Kwa sababu hiyo programu zionyeshazo wati kwenye kioo hazitoshi kuamua ugomvi: nyingi husoma kichakataji na kadi ya picha tu, zikaacha kioo, feni na upotevu huo.

Kipimo cha haki ni kile kifanywacho kwenye soketi. Vipo vipima-wati vidogo vichomekwavyo baina ya soketi na chaja, na asiye navyo anayo mita ya nyumba. Mita nyingi za siku hizi zina taa nyekundu imwekayo, na usoni pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja. Ikiwa ni 1000, kila mmweko ni wati-saa moja. Zimeni kila kitu, friji nayo isisahauliwe, kisha hesabuni mimweko kwa dakika sita mchezo ukiendelea. Mkipata 20, basi ni wati 200. Mchezo wa saa nne kila siku utakuwa uniti 24 kwa mwezi. Si kidogo, na kijana alipe. Lakini si 237.

Betri ijazwe kwanza kabla ya kupima, kwani ikiwa inajazwa hesabu itavimba. Itazamwe pia wakati wa mchezo: baadhi ya mashine zikizidiwa huchota kwenye betri pamoja na chaja, na hapo soketi huonyesha pungufu ya ukweli. Wapo pia mafundi wanaopima ampea kwa koleo na kuzidisha kwa volti 230. Njia hiyo yaweza kuzidisha wati kupita kiasi, hasa mashine ikiwa imetulia, kwa kuwa ampea zote zipitazo si kazi itozwayo na mita.

Sisi wa visiwani tunayo sababu ya ziada ya kuyajali haya. Unguja imekuwa ikipata umeme wake kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu 1980. Ulipokatika mwezi Mei 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 tukakaa miezi mitatu hivi. Tulijifunza wakati ule kununua jenereta, na sasa wengi hununua sola. Anayenunua kwa kuisoma chaja aweza kulipia mtambo mkubwa kuliko haja yake. Anayekisia kwa mashine iliyotulia, mtambo utamzimikia mchezoni.

Kwa hiyo twawaomba wakubwa wanaohusika na umeme wafikirie kuweka vipima-wati vichache katika ofisi za shehia, raia waazime kwa siku moja kwa kuandikisha jina. Na pale ambapo kumbi za michezo ya kompyuta zinakadiriwa matumizi yake kwa kujumlisha namba za chaja, wakadiriaji waje jioni, kumbi zikiwa zimejaa, wakae na mita kwa saa nzima.