Dvořák Hakuiba Wimbo wa Watumwa

Viongozi wa kwaya wananiuliza swali lile lile, na mwezi huu limenifikia tena: "Mwalimu, ule wimbo wa watumwa wa Marekani ambao Dvořák aliuchukua akautia kwenye simfonia yake, jina lake la asili ni lipi?" Hauna jina la asili, kwa sababu wimbo huo haukuwapo. Melodi ya sehemu ya pili ya Simfonia Na. 9, ile inayoimbwa leo kwa jina la "Goin' Home", ilitungwa na Antonín Dvořák mwenyewe mjini New York mwaka 1893. Maneno yake yaliandikwa na mwanafunzi wake wa zamani, William Arms Fisher, na kuchapishwa Boston mwaka 1922. Wakati huo Dvořák alikuwa kaburini tangu 1904.

Kwa hiyo anayesema Dvořák aliuchukua wimbo huo amepindua historia. Simfonia ilitangulia, wimbo ukafuata karibu miaka 30 baadaye. Fisher aliyaandika maneno yake kwa kuiga matamshi ya Weusi wa Kusini, na wasikilizaji wakadhani wanasikia wimbo wa mashambani. Paul Robeson akaurekodi. Aprili 1945, mwili wa Rais Roosevelt ulipokuwa ukiondolewa Warm Springs, mwanamuziki Mweusi Graham Jackson aliupiga kwa akodioni huku machozi yakimtoka, na picha yake ikaenea nchi nzima. Baada ya hapo, nani angeuliza tena ulitungwa na nani?

Wanaoshikilia dai hili huniletea ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni noti zenyewe: mwanzo wa melodi unakaa ndani ya skeli ya noti tano (do, re, mi, so, la), bila fa wala ti, "kama nyimbo za watumwa". Skeli ya noti tano imejaa Uskoti, China na Afrika. Ukiitumia kama cheti cha kuzaliwa, utaishia kusema kila wimbo wa kale wa Uskoti ulitoka Mississippi. Tena endelea kusikiliza melodi hiyo hiyo: ikifika kwenye kifungu cha pili, ti inaingia.

Ushahidi wa pili ni kwamba "kila mtu anajua". Basi tufungue vitabu. Mkusanyo wa *Slave Songs of the United States* ulitoka 1867, na nyimbo za kwaya ya Weusi ya Fisk Jubilee Singers zilianza kuchapishwa 1872. Humo melodi hii haimo. Zaidi ya hayo, rasimu za Dvořák zimehifadhiwa, na ndani yake melodi inaonekana ikibadilishwa hatua kwa hatua hadi kufikia umbo tunalolijua. Mtu anayenukuu wimbo uliopo hahangaiki kuzitafuta noti zake. Mwaka 1900 yeye mwenyewe alimwandikia kondakta Oskar Nedbal akikana kwamba alitumia melodi za Wahindi Wekundu au za Marekani. Alitaka tu kutunga kwa roho ya nyimbo hizo. Ni kweli kwamba melodi moja ya filimbi katika sehemu ya kwanza inafanana na "Swing Low, Sweet Chariot", na hilo linajadilika. Ila hiyo ni melodi nyingine, katika sehemu nyingine.

Kinachoniudhi zaidi ni watu wanaofutwa na uzushi huu. Ile roho aliyoizungumzia Dvořák ilimfikia kupitia mtu mwenye jina. Harry Burleigh, kijana Mweusi kutoka Erie, Pennsylvania, alisoma katika National Conservatory alikofundisha Dvořák, chuo kilichopokea Weusi wakati Kusini ikipitisha sheria za ubaguzi. Nyimbo za watumwa alifundishwa na babu yake, Hamilton Waters, mtumwa wa zamani aliyekuwa kipofu. Burleigh alimwimbia Dvořák nyumbani kwa mtunzi huyo na kumnakilia noti. Januari 1894 Dvořák aliongoza tamasha la New York ambamo waliimba kwaya ya Weusi, Burleigh na Sissieretta Jones. Kabla yao, mwaka 1871, vijana tisa wa chuo cha Fisk walitoka Nashville kuchangishia chuo chao kilichoelemewa na madeni. Ella Sheppard aliyewapigia piano alieleza baadaye kwamba nyimbo hizo zilikuwa takatifu kwa wazazi wao, na mwanzoni hawakufikiria kabisa kuziimba hadharani. Walipoziimba, zilijenga Jubilee Hall, ambayo ipo hadi leo. Ukisema "wimbo wa watumwa, mtunzi hajulikani" juu ya kazi ya Dvořák na Fisher, umewapa watumwa wasichotunga, na hujamtaja hata mmoja wa wale waliozilinda nyimbo zao halisi.

Sasa, ufanye nini na tamasha lako? Ukitaka "Goin' Home", iimbe, ni nzuri; kwenye ratiba andika melodi Dvořák 1893, maneno Fisher 1922. Ukitaka spirichuali halisi, yaani wimbo wa kiroho wa watumwa wenyewe, chukua "Deep River" kwa mpangilio wa Burleigh na umtaje. Ukitaka kusikia Fisk walivyoimba, tafuta rekodi za kwateti yao za 1909. "Swing Low" imo. Una dakika chache tu? Imbeni spirichuali moja bila piano, taratibu, kwa sauti nne. Una okestra? Pigeni Largo, yaani ile sehemu ya pili ya simfonia, bila maneno kabisa, kama ilivyosikika Carnegie Hall Desemba 1893. Na mwanakwaya akikuuliza jina la asili la wimbo wa Dvořák, mtajie la Burleigh, kisha mwambie akaisikilize "Deep River".