Sauti Ilipokaa Kwenye Santuri

Tuliangalia The Jazz Singer chumbani, hosteli hapa Mazimbu, na haikupita muda mwenzangu akaanza kugusagusa waya wa spika. Alidhani imekata. Midomo inacheza, muziki unapiga, ila maneno yanakuja kwa maandishi. Mara Al Jolson anaimba, na sauti ni yake kweli!

Spika ilikuwa nzima. Filamu hiyo ya Warner Bros., iliyooneshwa mara ya kwanza New York tarehe 6 Oktoba 1927, ni nusu bubu. Nyimbo zina sauti, lakini maongezi ya kusikika ni kama dakika mbili tu. Kuna pale kijana anapiga piano huku akipiga soga na mama yake. Baba, mwimbaji wa sinagogi asiyetaka hata kusikia jazi, anaingia na kumkatiza kwa neno moja. Basi, sinema inarudi kuwa bubu. (Jolson kujipaka masizi aonekane mweusi, hapo simtetei.)

Sauti yenyewe haikuwa kwenye mkanda. Mfumo wa Vitaphone uliiweka kwenye santuri ya inchi 16, iliyozungushwa sambamba na projekta, dakika 11 hivi kila moja. Sindano ikiruka tu, mdomo na sauti vinaachana. Miaka michache baadaye Hollywood ikahamishia sauti kwenye mkanda wenyewe.

Santuri zikaja kufanya kazi Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, Usambara, ulipiga filamu bubu za milimita 16 kuhusu kodi, akiba ya posta, mbegu bora, malaria ya watoto, na sauti ikawekwa kwenye santuri. Udhaifu ukawa faida: picha ni ileile, unabadilisha santuri, inaongea Kiswahili, Kisukuma au Kiganda. Akili, tukubali. Ila santuri haiulizwi swali.

Hilo nililiona nikiwa fildi Uluguru na video ya makinga maji kwenye simu. Bibi mmoja akaisogelea, akaiuliza: “Na shamba la mteremko mkali kama langu je?” Jamaa wa kwenye video akaendelea na yake. Bibi akanigeukia: “Mjukuu wangu, mbona huyu hajibu?” Nikazima sauti, nikaacha picha iende, tukaenda kuuangalia huo mteremko.